Kioo cha Kukinga Upepo kwenye Pikipiki: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukifunga

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Matumizi ya vioo vya kukinga upepo kwenye pikipiki yanazidi kuonekana miongoni mwa waendesha bodaboda na wananchi wanaosafiri masafa marefu kwa chombo hicho. Kioo hicho, ambacho kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki angavu na hufungwa juu ya taa kubwa ya mbele, humpunguzia mwendeshaji baridi ya alfajiri, mvua, vumbi na wadudu. Hata hivyo, pikipiki nyingi zinazotumika nchini hutoka kiwandani bila kioo hicho, na humlazimu mmiliki kukinunua dukani na kumpelekea fundi akifunge. Kikifungwa vibaya, kifaa kilichokusudiwa kumlinda mwendeshaji kinaweza kumnyima udhibiti wa usukani.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Mwanza. Jiji lipo kandokando ya Ziwa Victoria, katika mwinuko unaozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei. Nyakati fulani wadudu wadogo wa ziwani huruka kwa makundi makubwa yanayofanana na moshi, na mwendeshaji asiye na kinga ya macho hulazimika kufumba macho akiwa barabarani.

Aidha, tarehe 19 Juni, 2025 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Safari iliyotegemea kivuko sasa hufanyika kwa dakika chache juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Katika eneo hilo la wazi hakuna jengo, mti wala kilima cha kuukinga upepo wa pembeni, na mwendesha pikipiki anapaswa kuelewa jinsi kioo kinavyofanya kazi kabla hajakifunga.

Jinsi kioo kinavyofanya kazi

Kioo hakiondoi upepo; kinauelekeza kupita juu na pembeni mwa mwendeshaji. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kwa mfano kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu ya upepo unaokikabili kioo huongezeka mara nne. Ndiyo maana kioo kinachoonekana imara katika mitaa ya Kirumba au Igogo kinaweza kuanza kutikisika katika barabara ya Mwanza kwenda Musoma baada ya kupita Kisesa.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaotumia mitumbwi ya matanga wanaijua kanuni hii: tanga pana huvuta nguvu nyingi, na upepo ukija kwa ubavu huweza kuulaza mtumbwi. Kioo kikubwa cha pikipiki ni tanga dogo. Upepo wa mbele hukisukuma nyuma, na upepo wa pembeni hukisukuma upande. Iwapo kimefungwa kwenye usukani, msukumo huo huingia moja kwa moja mikononi mwa mwendeshaji na kwenye gurudumu la mbele.

Historia ya mashindano ya pikipiki duniani inathibitisha jambo hilo. Katika miaka ya 1950, pikipiki za mashindano zilifunikwa sehemu yote ya mbele, pamoja na gurudumu, kwa bodi kubwa ili ziende kasi zaidi. Bodi hizo zilizifanya ziyumbe upepo ulipovuma kutoka pembeni, na Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki (FIM) lilizipiga marufuku baada ya msimu wa mwaka 1957. Bodi zinazotumika leo huacha gurudumu la mbele wazi.

Kuchagua kioo kinachofaa

Jambo la kwanza ni malighafi. Vioo vingi vilivyo bora hutengenezwa kwa polikaboneti au akriliki. Polikaboneti hupinda kabla ya kuvunjika na hustahimili kokoto zinazorushwa na magari, ingawa huchubuka kwa urahisi. Akriliki haichubuki haraka, lakini hupasuka ikipigwa kwa nguvu. Kioo cha dirisha la nyumba au kipande cha plastiki kisichojulikana hakifai, kwa kuwa kikivunjika vipande vyake vyenye ncha kali huelekea kifuani na usoni mwa mwendeshaji.

Jambo la pili ni urefu. Mwendeshaji akiwa ameketi kama kawaida, ukingo wa juu wa kioo unapaswa kufika usawa wa pua au kidevu, ili aitazame barabara kwa kupitia juu ya kioo. Kioo kilichozidi usawa wa macho humlazimisha kutazama kupitia plastiki. Plastiki hiyo ikilowa mvua, ikichubuka au ikijaa wadudu usiku, mwanga wa gari linalokuja hutawanyika na kumfanya asione mtembea kwa miguu aliye mbele yake. Pikipiki haina waipa kama gari.

Jambo la tatu ni mahali pa kukifunga. Vipo vioo vinavyoshikiliwa na vibano kwenye usukani, na vipo vinavyofungwa kwenye fremu au kwenye mabano ya taa. Kile cha usukani ni rahisi kukifunga, lakini hugeuka pamoja na usukani na kuuongezea uzito. Kinachofungwa kwenye fremu hupeleka nguvu ya upepo kwenye mwili wa pikipiki, hivyo usukani hubaki mwepesi. Anayechagua cha usukani achague kidogo na chepesi.

Hatua za ufungaji

Kabla ya kazi kuanza, pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa mahali tambarare, na fundi akishikilie kioo mahali pake bila kukaza chochote. Hatua hii huonyesha mapema kama kuna waya, honi au indiketa itakayobanwa. Katika pikipiki nyingi za kibiashara, bomba la usukani lina kipenyo cha milimita 22, na vibano vinapaswa kulingana na kipimo hicho. Kibano kikubwa kilichojazwa vipande vya mpira wa tairi hulegea baada ya muda.

Endapo kioo kinahitaji kutobolewa, tundu liwe pana kidogo kuliko bolti, kwa kuwa plastiki hutanuka juani na kusinyaa wakati wa baridi. Tundu lisiwe karibu na ukingo, na kingo zake zilainishwe kwa msasa, kwa sababu ufa huanzia penye mkwaruzo. Kila bolti iwekewe washa ya mpira pande zote mbili za kioo. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, hadi mpira uanze kubanwa. Kukaza kupita kiasi ni miongoni mwa sababu za vioo kupasuka kabla ya wakati.

Fundi anapaswa pia kufahamu kuwa petroli na gundi za kuzuia nati zisilegee huidhuru polikaboneti na kuijaza nyufa ndogo. Kwa hiyo ni salama zaidi kutumia nati zenye plastiki ndani zinazojishikilia zenyewe. Mwendeshaji aepuke kukisafisha kioo kwa petroli. Maji safi, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha.

Ukaguzi kabla ya kuingia barabarani

Baada ya kufunga, usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Kioo kisiguse tenki la mafuta, na nyaya za klachi, mafuta na breki zisivutike wala kubanwa. Kisha injini iwashwe, gia ikiwa huru, na usukani ugeuzwe tena pande zote mbili. Mlio wa injini ukipanda usukani unapogeuzwa, ni dalili kwamba waya wa mafuta unavutwa, na pikipiki hiyo inaweza kuongeza kasi yenyewe kwenye kona. Isitumike hadi kasoro hiyo iondolewe. Kwa wanaopanda na kushuka vilima vya Bugando na Mabatini, ambako kona ni za ghafla, ukaguzi huu haupaswi kurukwa.

Vilevile taa kubwa, indiketa na vioo vya pembeni vionekane na kufanya kazi bila kuzibwa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali nzuri, na nyongeza yoyote inayoziba taa au kuzuia usukani inakiondoa chombo katika hali hiyo. Mwanga wa taa ukaguliwe usiku abiria akiwa ameketi nyuma, kwa sababu uzito wake huishusha pikipiki nyuma na kuinua taa na kioo mbele.

Safari ya kwanza ya majaribio iwe fupi, katika barabara isiyo na msongamano, kwa mwendo mdogo unaoongezwa taratibu bila kuvuka kikomo cha kisheria. Usukani ukianza kutikisika, mwendeshaji apunguze mafuta polepole bila kufunga breki ghafla, kisha akishushe kioo, akipunguze ukubwa au akiondoe kabisa. Baada ya siku chache za matumizi, nati zote zikaguliwe upya, kwani mtetemo wa injini na barabara za vumbi huzilegeza.

Tahadhari darajani na kandokando ya ziwa

Mwendeshaji mwenye kioo anayevuka Daraja la J.P. Magufuli anashauriwa kupunguza mwendo kabla hajaingia sehemu ya wazi, kushika usukani kwa uthabiti bila kuukakamaza, na kuacha nafasi ya kutosha pembeni mwake. Uangalifu zaidi unahitajika anapopishana na lori au basi. Gari kubwa huuziba upepo kwa muda mfupi, na linapomaliza kupita upepo hurejea ghafla na kuisukuma pikipiki.

Mzigo mzito nyuma ya pikipiki huongeza hatari hiyo. Magunia au ndoo za samaki kutoka Mwaloni zikifungwa nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi, na kioo kinachosukumwa na upepo hulifanya liyumbe kwa urahisi. Mwavuli unaofungwa juu ya pikipiki ni hatari zaidi ya kioo, kwa kuwa una eneo pana na upo juu, mbali na ardhi. Haufai kutumika kwenye daraja wala katika mwendo wa barabara kuu.

Kinga isiyo na mbadala

Wananchi wanakumbushwa kwamba kioo cha pikipiki hakichukui nafasi ya kofia ngumu. Kioo huzuia upepo, lakini hakizuii kichwa kugonga lami. Kwa mwendeshaji anayefanya safari fupi mjini na ambaye kero yake ni vumbi, mvua na wadudu wa ziwani, kofia ngumu yenye kioo cha usoni na koti zito humkinga macho na kifua bila kuuongezea usukani uzito wowote. Kofia hiyo inapaswa kuwa ununuzi wa kwanza, na kioo cha pikipiki kifuate pale tu safari ndefu zinapokihitaji.

Abiria naye ana wajibu. Anapoona kioo kimepasuka, kimefungwa kwa kamba au kinacheza pikipiki inapotembea, ana haki ya kumwomba dereva asimame na ya kutafuta usafiri mwingine. Kwa upande wao, viongozi wa vijiwe vya bodaboda wanaweza kuyafanya majaribio ya usukani na taa yaliyoelezwa hapo juu kuwa utaratibu wa kila asubuhi. Majaribio hayo huchukua chini ya dakika tano, hayahitaji kifaa chochote, na hufichua kasoro pikipiki ikiwa bado imesimama kijiweni.