Binti Said na kelele zake: santuri ya 1977 iliyonikalisha kitako Tottenham

Tottenham, London – Jumamosi iliyopita nilipanda ngazi kwenda kumwambia binti yangu azime zile kelele. Tunaishi karibu na Seven Sisters, kuta nyembamba, na jirani hachelewi kugonga.

Isitoshe, mimi na yeye tulikuwa hatuzungumzi vizuri. Wiki ile aliniambia anataka atumie jina la ukoo wa mama yake, ambaye ni Muingereza. Hili letu la Said, alisema, amechoka kulieleza kwa watu.

"Baba, kabla hujazima, soma hapa kwanza," akanipa simu.

Nikasoma. Mwimbaji anaitwa Poly Styrene, jina la plastiki alilojipachika mwenyewe. Jina lake hasa ni Marianne Joan Elliott-Said. Kazaliwa Uingereza mwaka 1957, baba Msomali, mama mzungu, akalelewa na mama yake Brixton.

Nikakaa kitako.

Mwaka 1976 aliwaona Sex Pistols wakipiga kule Hastings, naye akaunda bendi yake, X-Ray Spex. Santuri yao ya kwanza, ya 1977, ni fupi, nyimbo mbili tu. Gitaa linakwaruza, saksofoni inalia juu yake, na huyu binti mwenye waya menoni anapiga ukelele kukataa kufungwa na mtu yeyote. Mwaka 1978 ikaja albamu, Germfree Adolescents, na 1979 bendi ikavunjika.

Halafu akabadilika. Albamu yake ya peke yake ya 1980, Translucence, imetulia, ina harufu ya jazi. Hiyo ndiyo niliyoipenda mimi. Binti akacheka: "Hiyo ya wazee, Baba." Ni mara ya kwanza kucheka nami baada ya siku nyingi.

Poly Styrene alifariki Aprili 2011, akiwa na miaka 53, mwezi mmoja tu baada ya kutoa albamu yake ya mwisho. Magazeti yalipotangaza msiba yaliandika jina lake lote, na Said likiwa mwishoni.

Sikumhubiria binti yangu. Usiku akaja jikoni, akauliza: "Hivi Said hasa linatamkwaje?" Nikamtamkia mara tatu, na ile 'ayn yake ya kooni.

Jumatatu anajaza fomu ya shule. Ataandika lipi, wallahi sijui. Kalamu anayo yeye.