Bango Linaloitikia Ujumbe wa Simu

Bango linaloendeshwa kwa intaneti ni tangazo la nje ambalo mtu aliye mbali anaweza kulibadilisha: anatuma ujumbe, na baada ya sekunde chache taa zinageuka rangi au maandishi mapya yanatokea. Mwaka 2001 wanachama wa Chaos Computer Club waliweka taa nyuma ya madirisha 144 ya jengo la Haus des Lehrers mjini Berlin, na wapita njia wakazichezea kwa simu zao. Hilo halikuwa tangazo la biashara. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya baiskeli ya Tour de France, Nike ilitumia Chalkbot, mashine iliyokokotwa na gari ikiandika barabarani kwa chaki ya njano salamu zilizotumwa na watu kwa SMS na tovuti. Leo kazi ya aina hiyo haihitaji tena bajeti ya Nike. Bodi ndogo kama Arduino, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, au ESP32, iliyotoka mwaka 2016, zinamtosha fundi anayejifunza nyumbani.

Ugumu hauko kwenye bodi. Uko nje, kwenye umeme, mtandao na mvua, na kata ya Namswea wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuupima. Ichukuliwe kwamba chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kinasimika kando ya barabara umbo la tunda la kahawa lenye taa 100 za LED, na kila ujumbe unaoingia unalisogeza tunda kutoka kijani kuelekea wekundu wa kuvunwa. Kampeni kama hiyo inafaa wakati wa mavuno, kiangazi, jua likiwa la kutosha kwa sola.

Hesabu ya kwanza ni ya umeme. Taa za WS2812, ambazo kila moja hupokea amri yake, hutumia volti 5, na kila moja huweza kuvuta miliampea 60 ikiwaka nyeupe kabisa. Taa 100 ni ampea 6, yaani wati 30. Lakini ndani ya kila taa mna vitaa vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na kila kimoja huvuta kama miliampea 20. Tunda likibaki kati ya kijani na nyekundu, mwanga ukigawanywa kwa rangi hizo mbili, linatumia takribani wati 10 tu. Anayechagua rangi anachagua pia ukubwa wa betri. Kwa saa nne za usiku hizo ni wati-saa 40. Bodi, pamoja na modemu inayoliunganisha bango na mtandao wa simu, zikivuta wati 1.5 usiku na mchana, zinaongezeka 36. Pamoja na umeme unaopotea njiani, bango linahitaji kama wati-saa 100 kwa siku. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa nne hutoa 200, na betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 20 huvusha siku mbili za mawingu.

Modemu ndiyo huwasumbua mafundi wengi. SIM800L, modemu ya 2G, hutumia umeme kidogo ikitulia, ila inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi mno. Waya ukiwa mwembamba, volti hushuka, modemu hujizima na kujiwasha, na fundi huilaumu kampuni ya simu. Tiba yake ni waya mnene na mfupi, pamoja na kapasita ya maikrofaradi 1,000 iliyolehemewa karibu kabisa na miguu ya modemu. Taa nazo zina lao: ESP32 hutoa ishara ya volti 3.3, wakati WS2812 inayolishwa volti 5 inataka ishara isiyopungua volti 3.5. Mezani hukubali, lakini juu ya nguzo, waya ukiwa mrefu, taa huanza kumeta ovyo. Chipu ya kupandisha ishara ni ya bei ndogo, na haifai kurukwa.

Laini ya simu kwa kawaida haina anwani ya umma kwenye intaneti, hivyo mtu wa nje hawezi kulifikia bango moja kwa moja. Bango lenyewe ndilo hupiga hodi kwenye seva na kuiacha njia wazi. Itifaki inayofaa ni MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper ili kufuatilia mabomba ya mafuta kwa setilaiti, ambako mawasiliano yalikuwa ghali. Kifaa huiachia seva wosia. Kikipotea hewani, seva huutangaza, na msimamizi akajua bila kufunga safari. Na kupotea hewani, kwenye milima ya Umatengo, huko Mbinga, ni jambo la kutarajiwa tangu mwanzo. Ujumbe uhesabiwe kwenye seva, bango libaki na rangi yake ya mwisho, na mtandao ukirudi lisome jumla mpya badala ya kusubiri ujumbe mmoja mmoja.

Sanduku la kiwango cha IP65 huzuia vumbi na maji yanayorushwa kwa mpira, lakini si unyevu wa hewani. Joto la mchana huisukuma hewa nje, baridi ya usiku wa Mbinga huivuta ndani, na asubuhi bodi ina matone. Kitobo kidogo kiachwe chini ya sanduku, nyaya ziingilie chini, na nguzo ya chuma iunganishwe na ardhi kabla ya radi za masika.

Vibali viombwe mapema: halmashauri kwa bango, wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, ikiwa nguzo inagusa hifadhi ya barabara. Namba za waliotuma ujumbe ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Tanzania ya kulinda taarifa hizo ya mwaka 2022. Tunda la Namswea linahitaji idadi tu. Namba zenyewe zifutwe mara zinapokwisha kuhesabiwa.