Homa ya mtoto wiki chache baada ya korona isipuuzwe

Wazazi na walezi wa Thika, Ruiru na maeneo jirani wanahimizwa kumpeleka hospitalini mapema mtoto mwenye homa iliyodumu siku tatu, hasa ikiwa yeye au mtu wa nyumbani mwao aliugua korona wiki chache zilizopita.

Tangu kisa cha kwanza kutangazwa nchini Machi 13, 2020, imebainika kuwa watoto wengi wanaoambukizwa korona huugua kidogo tu au hawaonyeshi dalili. Hata hivyo, wachache hupatwa na tatizo jingine wiki mbili hadi sita baadaye, wakati familia inaamini kuwa hatari imepita. Madaktari nchini Uingereza walitoa tahadhari Aprili 2020, na mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo wa kulitambua. Kwa kifupi huitwa MIS-C.

Tatizo hili hutokea pale kinga ya mwili inapozidisha kipimo. Badala ya kutulia baada ya kupambana na virusi, husababisha uvimbe kwenye mishipa ya damu na viungo vya ndani kama moyo, figo na utumbo. Moyo unaweza kushindwa kusukuma damu ipasavyo.

Pamoja na homa, mtoto anaweza kuwa na macho mekundu, upele, midomo iliyokauka na kupasuka, mikono na miguu iliyovimba, maumivu ya tumbo, kutapika au kuharisha.

Dalili hizi hufanana na za malaria, homa ya matumbo au chakula kilichoharibika. Ni rahisi mzazi kununua dawa dukani na kusubiri, huku moyo wa mtoto ukizidi kuathirika. Si kila homa ni MIS-C, lakini ni vipimo vya hospitali vinavyoweza kutofautisha.

Mzazi amweleze daktari homa ilianza lini, mtoto amepewa dawa gani, na kama kuna mtu nyumbani aliyepatikana na korona au aliyekohoa na kupoteza uwezo wa kunusa, hata kama hakupimwa. Maelezo hayo ni muhimu kwa sababu huenda mtoto mwenyewe hakuonyesha dalili alipoambukizwa. Asipewe aspirini bila agizo la daktari.

Hospitalini, mtoto hupimwa damu na moyo wake huchunguzwa. Matibabu hujumuisha dawa za kutuliza uvimbe na, inapohitajika, kingamwili zinazotiwa kupitia mshipa. Wengi wanaotibiwa mapema hupona, ingawa huhitaji kurudi kliniki ili moyo uendelee kuchunguzwa.

Mtoto anayepumua kwa shida, anayelalamikia maumivu ya kifua, aliyechanganyikiwa au asiyeamka kwa urahisi asisubiri siku tatu. Apelekwe mara moja katika hospitali iliyo karibu, ikiwemo Ruiru Level 4 au Thika Level 5.

MIS-C yenyewe haiambukizi. Kinachoambukiza ni korona, hivyo kinga huanza na watu wazima wa nyumba: kuvaa barakoa, kunawa mikono, kufungua madirisha ya matatu, na kujitenga mtu anapougua. Mtu mzima anayejikinga anamkinga pia mtoto anayemsubiri nyumbani.