Upasuaji wa vidole vya miguu kwa wenye baridi yabisi: Tutarajie nini, na ibada zetu zitakuwaje?

KILA sifa njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam), aliyetuhimiza kutafuta tiba.

Katika misikiti yetu wamo wazee na akina mama wanaoswali juu ya viti mwishoni mwa safu, nasi huona kwamba ni uzito wa umri tu. Baadhi yao hawajazeeka. Wamefikishwa hapo na baridi yabisi iliyoharibu vidole vya miguu. Kamati yetu imekuwa ikiulizwa mara kwa mara: daktari akishauri upasuaji, na akasema kwamba gumba la mguu halitapinda tena, je, mgonjwa akubali? Na swala yake itakuwaje? Swali hili lina pande mbili, ya tiba na ya fiqhi, na familia inahitaji kuzijua zote mbili kabla ya kuamua.

Watu wetu huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi. Tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo waganga huiita ya rumatoidi. Katika maradhi haya kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, gegedu huliwa, na kano zinazoshikilia kiungo hulegea. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Haya hayasababishwi na maji ya baridi, wala hayaletwi na jini au hasidi, na kumzungusha mgonjwa kwa waganga wa ramli ni kumpotezea muda ambao viungo vyake vinazidi kuharibika.

Miguu hushikwa mapema kwa wagonjwa wengi. Gumba hulalia upande wa vidole vingine, na kifundo chake hutokeza nje. Vidole vidogo hujikunja mfano wa kucha za ndege na kupanda juu. Vichwa vya mifupa ya unyayo navyo husukumwa chini, mafuta yanayoikinga ngozi husogea mbele, na mgonjwa hutembea juu ya mifupa mitupu. Wengi husema wanahisi kama wanakanyaga changarawe. Sugu hujitokeza, na wakati mwingine sugu huwa kidonda.

Tiba haianzi kwa kisu. Kwanza ni dawa za kuituliza kinga ya mwili, mashuhuri zaidi ikiwa methotreksati, ambayo kwa maradhi haya hutumiwa mara moja tu kwa wiki. Tunasisitiza neno wiki, kwani kuimeza kila siku kwa kukosea kunaweza kuua. Pamoja na dawa, mgonjwa huvaa viatu vipana vyenye soli laini na huzitunza sugu zake. Tangu dawa hizi zienee, wanaofikia kupasuliwa miguu wamepungua katika nchi zinazozipata kwa urahisi. Upasuaji hushauriwa pale maumivu yanapomzuia mtu kutembea, viatu visipovalika, au vidonda vinaporudi kila mara. Kutaka mguu upendeze si sababu ya kutosha.

Upasuaji wa zamani zaidi unaojulikana sana ulielezwa na daktari wa Marekani, Hoffmann, mwanzoni mwa karne ya 20: kukata vichwa vya mifupa ya unyayo vinavyochoma chini. Hadi leo vidole vidogo hufanyiwa hivyo kwa wagonjwa wengi, kisha hunyooshwa kwa sindano nyembamba za chuma zinazoachwa nchani mwa vidole kwa wiki 4 hadi 6. Gumba nalo huunganishwa, yaani mifupa miwili ya kiungo hufungwa kwa skrubu au bamba la chuma mpaka iwe mfupa mmoja. Ipo pia njia mpya zaidi, ya kufupisha na kunyoosha mifupa huku viungo vikibakizwa, inayofaa pale viungo vyenyewe havijaharibika sana.

Matokeo yake ni yapi? Jambo ambalo wagonjwa wengi hulipata ni nafuu ya maumivu. Wengi pia huweza tena kuvaa viatu vya kawaida vilivyo vipana, na wengi wao husema wameridhika. Lakini nafuu ya maumivu si sawa na mguu mpya. Vidole hubaki vigumu au vilegevu, nguvu ya kujisukuma mbele wakati wa kutembea hairudi yote, na mwendo hauongezeki kwa kiwango ambacho familia hutarajia. Maradhi yenyewe hubaki mwilini, kwa hiyo baada ya miaka vidole vya baadhi ya wagonjwa hupinda tena na sugu zikarudi.

Hata mabingwa hawajakubaliana juu ya njia moja. Mwaka 2006 watafiti wa Uswidi walichapisha utafiti uliogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakiunganishwa gumba, wengine wakikatwa sehemu ya kiungo bila kuunganishwa. Baada ya miaka kadhaa hawakuona tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake kwa nini amemchagulia njia hii na si ile.

Madhara nayo yapo. Kidonda huweza kuchelewa kufunga au kuingia vijidudu, hasa kwa mwenye kisukari, mwenye mishipa ya damu iliyoziba, au mvutaji wa sigara. Mifupa iliyofungwa huweza kukataa kuungana, na vyuma huweza kumsumbua mtu hata vikatolewa baadaye. Mgonjwa asiache dawa zake kwa uamuzi wake, wala asizifiche. Daktari ndiye atakayesema ipi iendelee na ipi isimame kabla ya upasuaji. Tena maradhi haya huweza kulegeza mifupa ya shingo, hivyo mgonjwa amweleze mtoa nusukaputi ugonjwa wake mapema, ili shingo ichunguzwe.

Sasa tuje kwenye ibada. Sindano za chuma na bandeji hazitakiwi kulowa. Mwenye kutawadha ataosha viungo vyake vizima, na ataosha sehemu ya mguu inayooshwa bila kuhatarisha kidonda, kisha atapaka maji kwa mkono uliolowa juu ya bandeji. Wanazuoni wa Kishafi'i huongeza kutayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Upakaji huu hauna ukomo wa siku kama ule wa khofu. Huendelea mpaka pone. Ikiwa hata kupaka kunadhuru, mgonjwa ahifadhi kidonda chake na amuulize shekhe wake utaratibu wa tayamamu.

Kuhusu kikao cha tahiyatu, kuusimamisha mguu wa kulia na kuvielekeza vidole kibla ni sunna. Gumba lililounganishwa halitakunjika hivyo, na swala haiharibiki kwa kuacha sunna kwa udhuru. Katika sijda, kwa madhehebu ya Kishafi'i, yatosha sehemu ya matumbo ya vidole vya kila mguu kugusa chini, hata kama si gumba. Asiyeweza kabisa ana udhuru. Mtume (SAW) alimwelekeza Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Basi mwenye kuukataa upasuaji kwa kuchelea swala yake ajue kwamba sheria imekwishamfungulia mlango. Na ni vyema amweleze daktari mapema namna anavyokaa na kusujudu, kwani pembe ambayo gumba litafungiwa hupangwa kabla.

Mwisho, tunaziusia familia. Kwa takriban wiki 6 mgonjwa hutembea kwa kukanyagia kisigino ndani ya kiatu maalumu, na uvimbe huweza kudumu miezi mingi. Nani atateka maji, nani atapika, nani atawapeleka watoto madrasa? Tumewaona akina mama wakirudi jikoni siku chache tu baada ya hospitali, kwa sababu hakuna aliyelipanga hilo. Waume na watoto wakubwa wakae kikao kabla ya tarehe kupangwa. Nasi wa misikiti tuweke viti imara, sehemu ya kukaa wakati wa kutawadha, na njia isiyoteleza kuelekea safu za wanawake.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira walio katika mtihani huu, na awajaalie wanaowahudumia malipo mema.

Wabillahi tawfiq.