Mkanda Mdogo wa Presha

Ilikuwa Julai, sakitu imelala juu ya viazi. Mwanangu wa miaka 8 aliamka macho yamevimba. Nikasema ni moshi. Hapa Ipelele baridi ikikaza tunashinda tumezunguka moto wa jikoni. Kesho yake nikauona mkojo wake: mweusimweusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Zahanati moja wakampima presha kwa mkanda wa watu wazima. Ulimzunguka kamkono kake karibu mara mbili, namba ikaja nzuri, tukarudi nyumbani. Kumbe mkanda mkubwa mno huishusha namba, na mdogo mno huipandisha. Usiku kichwa kikamuuma, akatapika.

Hospitali wakamkalisha kwanza dakika 5, atulie. Wakatafuta mkanda wa watoto, wakamfunga mkono wa kulia: 138 kwa 92.

"Kwa umri huu, mama, hii iko juu sana," daktari akasema. Presha ya mtoto husomwa kwa kuangalia umri, jinsia na urefu wake.

Mimi nilijua presha huletwa na mawazo. Mtoto wa darasa la pili ana mawazo gani? Lakini daktari aliuliza habari za vidonda. Kweli, wiki kadhaa nyuma alikuwa na upele, akaukuna hadi ukatunga usaha. Bakteria wa vidonda vile, au wa koo, huamsha kinga ya mwili, na vita hiyo hujeruhi vichujio vya figo. Maji na chumvi vikishindwa kutoka, presha hupanda. Kwa watoto wadogo huwa kuna kitu nyuma yake mara nyingi: figo, au mshipa mkuu wa moyo uliobanwa tangu kuzaliwa, ndiyo maana hupimwa hata mguuni. Kwa watoto wakubwa, wa chipsi na soda za mjini Makambako, unene nao umo.

Alipewa dawa ya kukojoa na ya kushusha presha, maji ya kunywa yakapimwa kwa kikombe, chumvi ikakatwa. Mama mkwe akanung'unika kwamba viazi bila chumvi ni adhabu. Nikamwambia presha ingemletea degedege tungelia. Baada ya wiki chache uvimbe ukaisha, presha ikashuka. Wengi hupona hivyo, ila mkojo hupimwa miezi mingi.

Sasa tukifika kliniki, kabla hajavua sweta, nauliza: "Nesi, ule mkanda wa watoto upo?"