Usibomoe Bwawa la Kijito Kabla ya Kupata Kibali

Wakulima wengi wa skimu walipewa mashamba ambayo zamani yalikuwa sehemu ya mashamba makubwa ya masetla. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka wa 1962 na mashamba hayo kukatwa vipande, vijito vilibaki palepale, na mabwawa madogo ya udongo yaliyokuwa yakinywesha ng'ombe yakabaki pia. Ukuta ukaangukia katika ploti ya mtu mmoja, maji yakasimama katika ploti ya pili, na mfereji wa kutolea maji ya mvua yaliyozidi ukapita katika ploti ya tatu. Huyo wa tatu huona bonde zuri lenye majani, akalilima viazi. Basi mvua kubwa inaponyesha, maji hayana njia ila kupita juu ya ukuta.

Ndiyo maana wengine huja ofisini wakisema, "Bwana karani, bwawa hili limezeeka, fuko wamelitoboa na miti imeota ukutani. Nataka kuliondoa." Shauri hilo laweza kuwa jema kabisa. Lakini wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa ukuta umo ndani ya hati yao, wanaweza kuchukua majembe Jumamosi na kuukata. Hapana. Shamba ni lako, lakini maji ya kijito si yako. Sheria ya Maji ya 2016 inasema kwamba maji yote ya nchi yako mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi. Na Sheria ya Mazingira ya 1999, katika kifungu cha 42, inakataza mtu yeyote kujenga, kubadili, kuondoa au kubomoa kitu kilichojengwa mtoni bila ruhusa ya maandishi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 40, na kina cha mita 2. Hayo ni maji ya tani 4,000, yaani mzigo wa malori 400 ya tani kumi kumi. Ukikata ukuta huo ukiwa umejaa, ufa mdogo hupanuka mara moja, kwa sababu maji hubeba udongo yanapopita, na hakuna jembe litakaloweza kuuziba. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Solai, katika kaunti ya Nakuru, lilivunjika wakati wa mvua za masika, na watu zaidi ya 40 wakafa. Bwawa lile lilikuwa kubwa kuliko haya yetu, wala halikukatwa na mkulima. Lakini maji ni yale yale, na chini ya bwawa lako vilevile kuna nyumba za watu.

Basi anza na chama cha watumiaji maji wa kijito chenu, maana hao ndio wanaojua nani anakunywa wapi. Kisha nenda ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyo karibu, uulize kama bwawa lina kibali cha zamani, na ofisi ya mazingira, NEMA, ya kaunti yako. Chukua nakala ya hati ya shamba na ramani ndogo. Ramani si lazima iwe ya kupendeza, bali ionyeshe maji yanatoka wapi na kwenda wapi; nyingi tunazoletewa sisi makarani hazina mshale huo, na hakuna afisa awezaye kukata shauri juu ya kijito asichojua kinaelekea wapi. Fundi wa maji anayetambuliwa na Serikali atapima ukuta. Gharama yake huwa nafuu zaidi majirani wakichanga.

Kama unataka bwawa liondoke ili upate ardhi ya kulima kabeji, fikiri tena. Tope lile ni zuri kweli, lakini ukingo wa mto haulimwi. Kipimo kilichozoeleka ni mita 6 mpaka 30 kwa kadiri ya upana wa mto. Huenda utakachopata ni majani ya kukatia ng'ombe tu.

Ukipewa kibali, fanya kazi Januari au Februari, kijito kikiwa chembamba. Maji hushushwa kwanza kwa mpira au pampu, polepole, na ukuta hukatwa kutoka juu kidogo kidogo kama fundi alivyoagiza. Tope lisiachwe lote literemke kwa siku moja, maana huziba mabomba na birika za watu wa chini. Chifu na majirani hao waambiwe siku yenyewe mapema, ili watoto na mifugo wasiwe mtoni, na birika la ng'ombe wa ng'ambo liwe limekwisha jengwa kabla maji ya bwawa hayajaanza kupungua.