Siku tuliyopwelewa Mkandani

Wahenga walinena kwamba maji yakijaa hupwa. Kwa muda wa miaka mingi nimeitaja methali hiyo mbele ya wanafunzi wangu wa chuo kikuu, nikiifafanua kuwa ni onyo kwa wenye vyeo na mali. Likizo ya Desemba iliyopita niling'amua kuwa sikuwa nimewahi kuielewa.

Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu na watoto wetu watatu. Tulikuwa safarini kutoka mji wa Lamu kwenda Siyu, kisiwani Pate, alikozaliwa mke wangu na anakoishi mama mkwe hadi leo. Mimi ni mtu wa bara. Watoto wamezaliwa na kulelewa Nairobi, na nyanya yao alikuwa hajamtia machoni kitinda mimba wetu.

Nahodha alikuwa ametuagiza tufike gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa siku ya nne tangu mwezi mpevu, na maji yangejaa kiasi cha saa mbili. Tulifika saa tatu na nusu. Kosa lilikuwa langu, kwani nilikuwa nimekawia kunywa chai na kuzungumza na rafiki. Nahodha hakunikemea. Alitazama maji, akasema kwa Kiamu chake, "Mai hayangoji mtu, mwalimu. Na ndia ni hii moya."

Binti yangu, aliye darasa la saba, alicheka. "Baba, amekosea! Ni maji, njia na moja."

Nilimnyamazisha kwa aibu, kisha mashua ikang'oa nanga. Njia yenyewe ni Mkanda, mlango mwembamba wa maji unaokitenga kisiwa cha Manda na bara. Pande zote mbili ni msitu wa miti ya baharini, na maji yake ni ya kina kifupi. Vyombo viendavyo Pate na Faza hupita humo maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, chombo hakina budi kuzunguka nje ya Manda kupitia upande wa Shela, ambako bahari ni wazi na mawimbi hayana simile. Kwa kuwa mashua ilikuwa ndogo na ilibeba watoto, nahodha aliona ni heri tubahatishe Mkanda.

Hatukufaulu. Ilipokaribia saa tano, mashua ilikwaruza tope, ikasita, ikalala upande. Baharia alijaribu upondo, asiweze. Nahodha alizima injini, akaketi tezini na kutamka neno moja tu: "Tumepwelewa."

Msomaji mpenzi, neno hilo nimeliandika ubaoni mara zisizo na idadi. Ni mfano mzuri wa unyambuaji: shina ni -pwa, likaongezwa viambishi vya kutendea na kutendwa, likawa pwelewa. Nimewatahini wanafunzi kulihusu. Lakini siku hiyo ndipo nilipotambua uzito wake. Neno hilo moja linabeba bahari iliyoondoka, chombo kilichoachwa na watu waliochelewa. Anayelisikia hahitaji kuuliza kilichotokea, wala muda wa kungoja, kwa sababu anajua maji yatarudi kwa saa yake.

Tulingoja saa sita na zaidi. Jua lilituchoma, maji ya kunywa yakapungua, na kitinda mimba akaanza kulia. Ili kumliwaza, nilimwonyesha miti na kumwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba ile yote ni mikoko.

Nahodha alitabasamu. "La, mwalimu. Mkoko ni ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Ule unaochomoza vijiti vingi topeni ni mchu. Ule uliosimama mbele, unaoelekea bahari, ni mlilana. Huo hutupa mataruma ya vyombo. Wenye tunda kubwa la mviringo ni mkomafi. Na kuna mkandaa, ambao magamba yake hutumiwa kutia rangi." Kisha akawaeleza watoto jinsi miti inayokatwa inavyopangwa kwa unene wake, kuanzia fito na pau, kisha mazio, boriti na nguzo, na jinsi inavyohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Aliongeza kwamba upana wa vyumba katika majumba ya kale ya mawe ulitegemea urefu wa boriti iliyoweza kupatikana.

Wanangu walisahau kiu. Binti alichukua daftari, akaanza kuandika. Baadaye aliniuliza swali ambalo hadi leo linanikereketa: "Baba, mbona maneno haya hayamo katika vitabu vyetu vya Kiswahili?"

Nilimjibu kwa historia. Nilimweleza kwamba mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba mwaka 1930 iliundwa kamati ya kuusimamia usanifishaji huo. Nilimweleza pia kwamba nahodha hakuwa amekosea. Aghalabu, penye nj ya sanifu Kiamu huwa na nd: njaa ni ndaa, njoo ni ndoo, njia ni ndia. Penye ch huwa na t: macho ni mato, cheka ni teka. Hizo ni kanuni. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858 na ambaye mumewe alikuwa mtawala wa Siyu tuliyokuwa tukiielekea, alitunga kwa lugha ya pande hizo. Je, naye tungemsahihisha kwa wino mwekundu?

Sina nia ya kuupiga vita usanifu. Mtoto wa Turkana na mwenzake wa Kisii wanahitaji Kiswahili kimoja cha kufanyia mtihani na kuelewana. Hata hivyo, kusanifisha si kufuta. Tunapomfundisha mtoto kwamba lahaja ni makosa, tunamfundisha kumcheka nahodha ambaye maisha yake yamo mikononi mwa huyo huyo nahodha. Na msitu ambao kila mti wake unaitwa kwa jina moja huwa ni vigumu kuulinda, kwani asiyejua tofauti ya mchu na mlilana hatajua ni upi umetoweka.

Nawasihi walimu wenzangu jambo dogo lisilohitaji fedha wala waraka. Kila muhula, mtume mwanafunzi kwa mvuvi, seremala, mfinyanzi au mkulima wa kwao, arudi na maneno kumi ya kazi pamoja na maana zake. Nanyi wanafunzi, msingoje kutumwa. Maneno hayo yana wenyewe, na wengi wao wamezeeka.

Saa kumi na moja na nusu maji yalirudi kimya kimya, mashua ikainuka kana kwamba haikuwa na neno. Giza lilikuwa limetanda tulipopenya kijito cha mikokoni na kufika Siyu. Mama mkwe alikuwa akingoja na taa mkononi, chakula kimepoa, na wasiwasi wa kutwa umemjaa usoni. Kabla sijaanza kuomba radhi, binti yangu alimkimbilia, akamwamkia, kisha akasema, "Bibi, tulipwelewa Mkandani!"

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao, akacheka hadi machozi yakamtoka. Akamshika mkono, na njia nzima hadi nyumbani walizungumza wawili hao. Mimi nilifuata nyuma nikiwa nimebeba mizigo.